Usiniguse Mpaka Ng'ambo

Mama Rukia, shoga yangu,

Juzi nilikupa salamu pale makaburini, nikajikuta nimesimama nasubiri uitikie. Sele akanivuta mkono, "Mama, twende, jua kali." Twende wapi? Mwaka unakatika sasa tangu tukulaze pale, na kila ninakokwenda narudi na maneno ya kukwambia, pa kuyaweka sina. Pale ulipokuwa unapanga meza yako ya samaki wakavu, mkabala na cherehani yangu, siku hizi kuna kijana anatengeneza simu. Harufu niliyokuwa nakulalamikia imekwisha. Nimeitafuta, haipo.

Lakini kilichonishikisha kalamu ni mwanao. Rukia alikuja dukani Kizota wiki iliyopita, kakumbatia kikapu. "Shikamoo mama mdogo," kisha akatoa vazi lako la kuogelea, lile jeusi la mikono mirefu. "Nipunguzie kiunoni. Nataka kuvuka bwawa la Mtera, palepale alipovuka mama. Na kwenye mtumbwi ukae wewe." Nikalipokea, nikalitundika ukutani. Siku zote hizi limening'inia pale, na kila nikiinua macho naona mikono yako mitupu.

Kaka zako nao wamenijia. Wananitaka nimkataze, kwa kuwa eti mimi ndiye niliyekuwa nikimsindikiza mama yake kwenda kuchezea mamba. Nikimkataza atakwenda na mtu mwingine asiyejua lolote, maana kile kichwa ni chako kitupu. Nikikubali, nitarudi juu ya ule mtumbwi na mikono yangu mapajani, nikimtazama. Nimekosa pa kushika, Mama Rukia.

Unakumbuka vazi la kwanza? Ulinijia unanuka perege, ukasema unataka nguo ya kuogelea, ya heshima, ya mwanamke wa Kiislamu. Nilicheka mpaka nikajichoma sindano. Sisi watu wa Dodoma tunapanga ndoo foleni, wewe unataka kwenda kuyalalia maji! Sikujua kwamba marehemu baba yako aliwahamisha kutoka Chemba mkiwa wadogo akavue Mtera, na kwamba ulijua kuogelea kabla ya kujua kusoma. Nikakushonea la satini. Ulipoingia nalo majini likajaa hewa, ukaelea kama andazi kwenye mafuta. Wavuvi walishika mbavu. Wewe ukacheka kuwashinda, ukatoka unachuruzika, ukaniambia, "Shona jingine." Nikashona jingine, na jingine, mpaka siku uliyovuka bwawa zima, mwanamke wa kwanza kulivuka kwa mikono yake, na wavuvi walewale wakagonga makasia kwenye mbao za mitumbwi kukushangilia.

Ile sheria uliileta wewe, umeitoa kwa watu wa michezo. Mwogeleaji haguswi. Akiguswa na aliye mtumbwini, hata kwa kidole, safari imeharibika. Kwa hiyo nilikupaka mafuta ya mgando shingoni na kwapani tukiwa bado ukingoni, ukanitazama usoni, "Haya. Usiniguse mpaka ng'ambo." Wavuvi wakatangulia wakipiga maji kuwafukuza viboko, mimi nikafuata nawe ubavuni. Uji wa uwele nilikurushia kwenye chupa iliyofungwa kamba. Ulikuwa unaunywa umelala chali, ukinisema kuwa nina mkono mzito wa sukari. Ukianza kuzungumza peke yako Kisandawe, na vile vidoko vya kwenu vya ulimi, najua umechoka. Najua, na sina la kufanya. Alama yetu ilikuwa moja tu: ukiinua ngumi, nikutoe.

Hukuiinua hata mara moja. Siku ile upepo ulipogeuka na mtumbwi ukaanza kuingiza maji, mimi nikalia kwa sauti mbele ya wanaume, wewe ulinitupia jicho tu ukaendelea kukata maji. Nilikasirika siku ile! Nilirudi nyumbani sikusemeshi.

Halafu wodini. Daktari aliposema moyo umechoka na mapafu yana maji, ukacheka kwa shida, ukasema, "Yamenifuata mpaka Dodoma." Nikacheka nawe, mjinga mimi, nikadhani mtu anayetania haendi popote. Siku ya mwisho, mchana, Rukia katoka kufuata dawa, ukaanza kuzungumza Kisandawe. Muuguzi akaniuliza unasema nini. Sijui. Ushoga wote ule, na sijui hata maji mnayaitaje kwenu. Kisha ukatoa mkono chini ya shuka, ukainua ngumi.

Niliiona, shoga yangu. Popote ulipo usidhani sikuiona. Nilisimama, nikakushika mabega, nikakuvuta kwangu na mirija yako yote. Nikuvutie wapi? Palikuwa na kitanda tu, na dirisha, na mimi. Muuguzi akanibandua taratibu, na wewe ulikuwa umeshakwenda.

Wakaniita tukuoshe. Mimi niliyekatazwa kukugusa majini, nikapewa maji na wewe, nikuguse nipendavyo. Nilikuosha shingo palepale nilipokuwa nakupaka mafuta. Sanda haishonwi, unajua. Nguo zako zote za majini zilipita mikononi mwangu, na hii ya mwisho haikutaka sindano. Nilibaki nimekaa na vidole vyangu.

Habari ya ngumi sikumwambia mtu. Rukia anajua ulilala, basi. Lakini jana alikuja kuangalia vazi, akalikuta ukutani vilevile, hakuniuliza kwa nini. Aliuliza kingine: "Mama mdogo, mkiwa kule majini, mlikuwa na alama gani?"

Nikainua ngumi. Nikashindwa kuishusha.

Akaitazama ngumi. Mtoto wako si mjinga. Akauliza, "Hospitali pia?" Machozi yalijibu. Akaja akaushika mkono wangu kwa mikono yake miwili, akaushusha mwenyewe, akauweka juu ya cherehani. Kisha akasema, "Basi mimi nikiinua, utaniona." Hakuniuliza kama nitakwenda.

Leo asubuhi nimelitoa vazi ukutani, nimelipunguza kiunoni. Sikukata kitambaa, nimekikunjia ndani tu, maana atakuja kunenepa kama wewe. Bado naogopa. Kaka zako watanuna, mamba wako palepale, na upepo wa Mtera haujapata mwenyewe wa kuuambia kitu. Sina nguvu juu ya lolote kati ya hayo.

Nenda salama, Mama Rukia. Mungu akupe nafasi, wewe uliyependa nafasi. Ninachoweza kukuahidi ni hiki: uji wa mwanao nitautia sukari kiasi, na mikono yangu nitaikalia mpaka ng'ambo, hata akisema Kisandawe. Lakini akiinua ngumi, sheria yenu mtanisamehe. Nitamshika nimvute, na yeye atakuwa na mtumbwi wa kuvutiwa ndani.

Ni mimi shoga yako,
Mama Sele