Kompaila na Bando la Jumamosi

Jumatano

Siku ya tatu leo programu ya mafuriko inagoma. Inatia kinyaa. Kompaila, hiyo inayogeuza maandishi yetu kuwa programu, inatapika makosa kwenye mistari iliyokuwa inapita vizuri wiki iliyopita. Na Ijumaa watu wa Mbagala wanataka ramani ya kuonyesha maji yatafika wapi.

Asubuhi nilimpigia Mzee Mosha, aliyeiandika programu hiyo kabla ya kustaafu na kwenda kulima Chanika.

"Shikamoo mzee. Programu yako imeoza."

Hapana, sikuthubutu. Nilisema ina matatizo kidogo. Akauliza, "Umebadilisha chochote kwenye kompyuta?"

"Sijagusa kitu, mzee."

Akasema, "Basi nisamehe, mwanangu. Uzee huu. Nitaipitia yote upya."

Jioni ndiyo nikaikumbuka Jumamosi. Bando la intaneti lilikuwa limebakiza saa moja liishe muda, na giga kibao hazijaguswa. Nikaona haliendi bure hilo, nikabonyeza sasisha kila kitu. Kila kitu! Kompaila nayo ikawa mpya, na hiyo mpya haitaki uandishi wa zamani.

Nimerudisha ile ya zamani. Programu imekubali hapo hapo, bila kosa hata moja. Kinyaa nilichokuwa nacho kwa yule mzee sasa sijui nikiweke wapi.

Nimeshika simu nimpigie, nikakuta ujumbe wake: "Nimefika nusu, mwanangu. Macho yanauma, ila kosa langu bado sijaliona."