Tiki Niliyomwekea Mama

Jumatatu, saa kumi jioni. Mvua ya kwanza ya msimu imenyesha tangu asubuhi, wenye dagaa kule ufukweni Kibirizi wameanua kila kitu, na mimi nimekaa kitandani kwangu Gungu, shajara mapajani. Siumwi. Nimefanya jambo.

Acha niandike kabla sijaanza kujitetea, maana kwa kujitetea sijambo.

Jana tulipiga kura. Mama yangu ana mtoto wa jicho, macho yote mawili. Watu anawaona kama vivuli, karatasi haoni kabisa. Sheria inamruhusu mtu kama yeye kuingia kwenye kituturi cha kupigia kura na mtu anayemwamini, amwekee alama. Msimamizi wa kituo akamuuliza, "Bibi, nani atakusaidia?" Mama akanishika kiwiko, akajibu foleni nzima ikasikia: "Huyu hapa. Nimemzaa mwenyewe." Watu wakacheka. Mimi nikavimba kichwa.

Karatasi za rais na mbunge hazikuwa na shida. Alinitajia, nikaweka tiki, nikakunja. Tulipofika kwenye karatasi ya diwani akaninong'oneza jina la Bwana Kipaza.

Bwana Kipaza ni jina nililompa mimi, kwa ajili ya lile gari lake la matangazo linalotupasua masikio tangu kampeni zianze. Mwaka huu, tangu Warundi waanze kushushwa bandarini na watoto migongoni, yeye hana wimbo mwingine. Mahindi yamepanda bei? Wakimbizi. Dawa zimeisha zahanati? Wakimbizi. Mbuzi wa mtu kapotea? Wakimbizi! "Wapandishwe meli warudi kwao!" Na watu wanampigia makofi, wakiwemo wale ambao bibi zao tunajua kabisa walikotoka. Jamani, nani katika mkoa huu hana shangazi upande wa pili wa mpaka?

Sasa mama yangu! Mama huyu huyu ambaye wiki ile walipofika alibeba sufuria lake kubwa, akawapikia uji mpaka unga wa nyumbani ukaisha, nikamgombeza. Kule kambini walikohamishiwa kuna kitoto cha kike kimepewa jina lake. Nilidhani sikusikia vizuri. Nikamwinamia nimuulize tena. Akarudia, safari hii akaongeza na jina la baba yake mgombea, nisije nikakosea.

Mama yangu? Kwa mtu yule?

Msimamizi akakohoa. Mama akasubiri, ametulia, uso ameelekeza ukutani.

Nikamwekea tiki mgombea mwingine.

Ndiyo. Nimeshaandika. Nikaikunja karatasi, nikampa, akaitumbukiza kwa mkono wake, kisha akapapasa tundu la sanduku kwa vidole kuhakikisha imeingia. Alipotoka na wino kidoleni alikuwa anatabasamu.

Nikajiambia mama kadanganywa. Kapewa khanga huyu, kapewa kilo mbili za sukari, si ndivyo wazee wetu wanavyonunuliwa? Nikajiambia nimemwokoa. Mimi, mwalimu wa Uraia, ninayewafundisha kidato cha pili kwamba kura ni ya mtu na siri yake! Na usiku nililala vizuri kabisa. Hilo ndilo linalonitisha zaidi.

Leo mchana nimeshuka Kibirizi nyumbani kwake kumwona. Nilikuwa na hamu ya kumchokoza, basi hata kabla sijavua viatu nikamuuliza Bwana Kipaza alimpa khanga ngapi.

Mama akapapasa kigoda, akanisukumia. Mama akikusukumia kigoda hivyo, wewe kaa.

Akaniuliza kama nakumbuka daftari la wapiga kura lilipobandikwa, watu wakaenda kuhakiki majina yao. Nakumbuka. Kumbe kuna mtu aliliwekea jina la mama pingamizi. Ati si raia, ati kaja na meli juzi. Sababu? Kiha chake. Mama ni wa Manyovu, kule juu mpakani, na Kiha cha kule na Kirundi ni ndugu wa tumbo moja. Mtu alimsikia akiongea na wale wageni siku ya uji, akaona huyu ni mwenzao.

Miaka yote hii Kibirizi. Nimesomeshwa kwa dagaa wake. Mume wake, baba yangu, kazikwa hapa hapa.

Akaitwa ajieleze. Akakaa kwenye benchi la ofisi asubuhi nzima, haoni, hajui nani anapita mbele yake, anasikia tu watu wakiulizana yule bibi Mrundi ndiye yupi. Aliyekuja akakaa naye alikuwa Bwana Kipaza. Mama yangu na mama yake waliwahi kuanika dagaa pamoja. Akamwita mama mbele ya wote, akaandika maelezo ya shahidi, na alipoambiwa hayatoshi akampakia kwenye lile gari la matangazo mpaka Manyovu, wakarudi na baba mdogo wa mama na barua ya mtendaji wa kijiji. Jina likabaki.

"Mbona hukuniambia?" nikasema.

"Nilikupigia mara mbili, mwana wanje, mwanangu. Ulisema unasahihisha mitihani. Ulisema ni mambo ya karatasi, yataisha yenyewe."

Loh. Nilisema. Neno kwa neno, nakumbuka hata kalamu nyekundu niliyokuwa nimeibana mdomoni, na nakumbuka nilikata simu kabla hajamaliza kuaga.

Nikajaribu bado. Aibu ina ubishi. Nikamwambia, "Mama, yule alikuwa anatafuta kura tu."

"Na wewe ulikuwa unatafuta nini?"

Nikainama kuvua viatu.

Akaendelea taratibu, bila hasira, afadhali angenifokea. Akasema maneno ya Bwana Kipaza juu ya wakimbizi ni ya kipumbavu, na alimwambia hivyo usoni ndani ya gari, njia nzima ya Manyovu. Lakini siku watu walipotaka asiwe mtu wa hapa, yule alikuja. Basi. Ndiyo hesabu yake yote ya uchaguzi, wala hakuna khanga. Mimi nilikuwa nimemwona mama ndiye mpumbavu.

Tukiwa hapo jirani akapiga hodi na habari za matokeo. Bwana Kipaza kashindwa. Nilimwangalia mama, nikiomba asiseme kitu. Akatikisa kichwa, akashusha pumzi.

"Masikini. Angalau ya kwangu aliipata."

Nyie, nilitamani ardhi ipasuke. Mdomo niliufungua. Shajara, nakuapia niliufungua. Kikatoka nini? "Ndiyo, mama."

Halafu akaniomba nimfungie dagaa wakavu kwenye mfuko, wale wazuri. Anasema mtu aliyeshindwa hukimbiwa na watu, kila mmoja atampa pole huku kura kampa mwingine, na yeye hataki kufikiriwa hivyo. Kesho asubuhi nimpeleke kwa Bwana Kipaza. Anataka nisimame pale na kumwambia kwa mdomo wangu kwamba mama alimpigia kura.

"Mimi sikuiona karatasi," amesema. "Wewe uliiona. Wewe ndiye shahidi wangu."

Nimemfungia dagaa, nikaitikia, nikaondoka na mvua yangu. Amesema nifike mapema kabla mtu huyo hajatoka. Nitamwambia nani ukweli kwanza, Bwana Kipaza au mama?