Jezi Nyekundu

Salim mjukuu wangu,

Sisi hapa Missouri City hatujambo. Shangazi yako Zuhura amepata zamu ya mchana hospitalini, kwa hivyo chai ya asubuhi najipikia mwenyewe, na inanyweka.

Umeniuliza mbona niliondoka uwanjani kule Dallas bila kukuaga, siku ile ya mazoezi ya huo mpira wenu wa Kimarekani, makocha walipokuwa wakiwapima. Nitakwambia. Nilikuona na jezi nyekundu, wenzako wamevaa nyeupe. Wao wanaangushana kama magunia, lakini wakikufikia wewe wanasimama. Nikaona haya, nikarudi garini.

Nilipokuwa kijana Mombasa, mtaani petu mpira ulikuwa mmoja tu, nao wangu, alioninunulia mjomba. Nikicheza hakuna aliyenikaba, nami nikajiona fundi. Siku moja nilishikwa na homa, nikawaazima mpira nikabaki kitandani. Nikawasikia kupitia dirishani wakicheka kwamba leo angalau wanacheza kweli. Sikumwambia mtu mpaka leo.

Basi nilipokuona hukabwi, nikadhani nawe wanakuvumilia tu.

Juzi nilimuuliza Zuhura habari ya jezi hiyo. Alicheka mpaka akakaa chini. Akasema huvaliwa na mrusha mpira, na mazoezini ni marufuku kumwangusha, maana akiumia timu imekwisha. Alhamdulillahi, tangu hapo nalala vizuri.

Nisamehe, baba. Mimi walikuwa wakiuogopea mpira. Wewe wanakuogopea wewe.

Babu yako