Kasanda Haugui

Jumamosi, 11 Januari

Tumecheza kwa saa tatu, chumba cha wapangaji, chini ya jengo la Wanjiru, St. James Town, hapa Toronto. Mimi ndiye mwendesha mchezo: nasimulia safari, nashika ramani, narusha dadu kwa yote ambayo wachezaji hawayaamui. Msafara wa wafanyabiashara, kutoka Maniema kwenda Tabora, pembe na shaba. Nimeuandika miezi miwili. Wanjiru, ambaye ni nesi, anacheza mlinzi mwenye bunduki. Kevo wa kompyuta ni tajiri wa msafara. Papa Dieudonné, Mkongo wa kazini kwetu, ni mkalimani.

Wamempenda Kasanda, kiongozi wa msafara. Huyo namchezesha mimi. Sikuwaambia ni babu wa babu yangu. Kwetu Tabora anasimuliwa kila sikukuu: kilemba chekundu, ng'ombe arobaini aliorudi nao. Niliona haya. Ingekuwa kama kujisifu.

Leo dadu ilimpa homa ya kufa. Huwa narusha nyuma ya ukuta mdogo wa kadibodi, hivyo hakuna aliyeona. Nikasema amekohoa tu.

Wapagazi saba wameugua. Kanuni yangu: mgonjwa aachwe, mzigo wake ugawanywe. Kevo aliipenda. "Wasee, hawa ni betri. Chaji ikiisha unaweka ingine."

Wanjiru: "Wewe ukiugua nakuacha hapo stesheni ya Finch na hiyo begi yako."

Tulicheka. Nilicheka pia. Papa Dieudonné hakucheka. Niliona. Nikaendelea.

Jumatatu, 13 Januari

Papa Dieudonné amenipitia asubuhi na gari lake, kama kawaida. Tuko bohari moja, Downsview: yeye anapakia malori, mimi karani, naandika yanayotoka. Naweza kwenda kwa basi. Si suala la gari. Tangu nifike Toronto, yeye ndiye mtu wa pekee ambaye nikikohoa anageuka kutazama.

Huongea njia nzima. Leo aliiachia redio iongee. Tulipokaribia akauliza:

"Huyu Kasanda, ulimutosha wapi?"

"Nimemtunga tu, Papa."

Uongo. Ulinitoka kabla sijafikiri. Sijui kwa nini. Najua. Niliogopa swali linalofuata.

Jumatano, 15 Januari

Papa amesema mwenyewe, kwenye taa nyekundu, macho mbele.

"Babu ya babu yangu alifika Kasongo ya Maniema na kamba kwa shingo, pembe kwa bega. Akagonjwa. Wakamuacha njiani." Taa ikawa kijani. "Ule waliacha akapona. Akaoa. Bon. Mimi niko hapa."

Hakuwa na hasira. Angekasirika ingekuwa afadhali.

Ofisini nimekosea fomu tatu. Mimi sikosei fomu.

Nawaza wale ng'ombe arobaini. Nyumbani hakuna aliyewahi kuuliza walibadilishwa na nini. Shuleni nilikuwa wa kwanza katika historia. Niliandika insha nzima juu ya biashara hiyo na sikumwona mtu wetu hata mmoja ndani yake.

Ijumaa, 17 Januari

Nimemwandikia Papa ujumbe mara sita. Nimeufuta mara sita. Nikisema ukweli, atajua nimemketisha meza moja na mtu aliyemwacha babu yake, au aliyewaacha wengine kama yeye. Nisiposema, nitapanda gari lake kila asubuhi nikiwa mwongo.

Naogopa asije kesho. Naogopa aje.

Nimefuta kanuni ya wagonjwa. Kisha nikaona huo ni woga tu. Nimeirudisha.

Jumamosi, 18 Januari

Amekuja. Kabla hatujaanza aliomba kubadilisha mtu wake. Hataki tena ukalimani. Anataka kuwa mpagazi.

Kevo: "Papa, mpagazi hana kitu! Hana hata kisu."

"Iko na mabega."

Tukatembea siku mbili za mchezo. Siku ya pili ilikuwa zamu yake kujaribiwa na homa. Nikainua dadu nyuma ya kadibodi. Nilishaamua kumwokoa, dadu iseme itakalo.

"Tosha ile kadibodi," alisema.

Nikaitoa. Nikarusha mbele ya wote. Moja. Mgonjwa.

Papa akaegemea meza. Hakusema na mimi. Alisema na Kasanda.

"Kiongozi. Kama ningefika na wewe Tabora, ungenilipa ao ungeniuzisha?"

Ilibidi nijibu kama Kasanda. Ndiyo kazi ya mwendesha mchezo. Wanjiru akaninong'oneza, "Si useme atamlipa. Ni mchezo tu, jamani." Ningeweza. Ingechukua neno moja.

"Ningekuuza," nilisema. Kisha, kwa sauti yangu: "Papa, sikumtunga. Ni babu wa babu yangu. Jina lake ni hilohilo."

Alifunga zipu ya koti polepole. Ilikwama, akaifungua, akaanza upya. Tulimtazama wote.

"Nilijua. Batu yote inagonjwa. Yeye peke yake hagonjwaka."

Akatoka.

Wanjiru alikusanya dadu, zote, hata zangu. Kevo alibaki ameketi. "Sista, mimi nilisema betri," alisema. Kisha akasema tena.

Jumapili, 19 Januari

Sikwenda kanisani. Naona aibu. Nimempoteza.

Jumatatu, 20 Januari

Nilishatazama saa za basi. Saa kumi na mbili kasorobo gari la Papa lilikuwa chini, injini inawaka.

Nilimwomba radhi. Nilikuwa nimepanga sentensi nne, nikasema mbili. Alisema mchezoni harudi. "Niko na miaka makumi tano na mbili. Kubeba, nabeba kila siku." Hakusema kwa ukali. Kisha akalalamikia barafu barabarani, na madereva, na kahawa ya kule kazini.

Nilimuuliza yule aliyeachwa njiani aliitwa nani. Alisema hawajui. Waliomwokota walimpa jina la kwao. La kwanza hakuna aliyelishika.

Tulifika. Aliegesha, akavaa glavu, akaenda kwenye malori. Mimi nikapanda ngazi za ofisi.