Jina Lililomnyamazisha Mama Yako

Mjukuu wangu Nekesa,

Hujambo huko chuoni? Huku Kitale tu wazima. Babu yako mpya, mume wangu wa mwezi mmoja, ananichumia maua kila asubuhi, na mimi nacheka kama msichana!

Umeuliza kama vitabu vya mambo ya kale husema kweli. Mama yako alipozaliwa kule Kabuchai, alilia siku tatu, akakataa titi. Mama mkwe alimtajia majina ya wafu wetu wote, tumpe lile litakalomnyamazisha. Wapi! Niliogopa tutampoteza.

“Si wewe ni wa sekondari? Soma basi kwa vitabu vyako!” akanikejeli.

Nikafungua kitabu cha historia ya ngome zetu za vita vya zamani, nikasoma majina kwa sauti. Nilipofika “Namarome, aliyeuawa ngomeni, hakuacha mtoto,” kilio kilikatika. Mama yako akanitazama, akaanza kunyonya.

Mama mkwe aliketi polepole. “Huyo tulikatazwa kumtaja, adui wasije wakamtafuta mwanawe,” akanong'ona. “Alimficha mtoto kwenye chungu. Mtoto huyo ndiye aliyemzaa mama yangu.”

Basi soma, mpenzi wangu. Ila ukikuta kitabu kinasema fulani hakuacha mtoto, mpigie simu mama yako, Namarome wetu, umsikie sauti.

Kukhu wako, bibi harusi