Konyeza Aliyefika Nkowe

Jumatatu, 11 Agosti

Nimekata gauni la harusi la Saida, mdogo wangu. Kitambaa kinateleza, kinanitoa jasho. Vumbi la Nkowe halina adabu, kila nikiinuka nakifunika kwa shuka. Nimeapa gauni hili hashoni mtu mwingine. Mume wangu bado yuko Lindi kwenye semina ya walimu wa baiolojia. Mama mkwe kaja kuomba chumvi, kakaa mpaka mchana. Mgongo unauma.

Jumanne, 12 Agosti

Mwalimu karudi jioni. Kashuka kwenye bodaboda kakumbatia ndoo, juu kaifunika kiroba kilicholowa. Ndani kuna konyeza, yule mnyama wa baharini wa nyuzinyuzi! Na kidumu cha maji ya bahari ya kumwongezea. Wanafunzi wake wengi hawajaiona bahari, basi kawaletea. Nimecheka mpaka machozi. Mnyama mwenyewe kama mlenda uliopoa. Njiani keshakufa.

Wakati wote wa chakula maneno yake ni konyeza tu. Wapo wadogo kama ukucha, na sumu yao inalaza mtu kitandani. Wapo wa umbo la sanduku, hao wanaua. Kwenye bahari za baridi yupo mpana kuliko kitanda chetu, nyuzi zake ndefu kuliko basi. Hata akifa, nyuzi bado zinauma. Akikuchoma usisugue, usioshe kwa maji ya kisima, suuza kwa maji ya bahari. Nikamwambia bahari iko Lindi, ale ugali.

Nampenda akiwa hivi.

Alhamisi, 14 Agosti

Mkono wa kushoto ndio unaoandika.

Jana kaondoka na ndoo kwenda shule. Kiroba kakiacha uani. Nikakikamua, nikianike. Nyuzi zilikuwa zimenasa humo. Moto! Mkono wa kulia wote, vidole mpaka kiwiko. Nilipiga kelele majirani wakajaa.

Mama mkwe kawahi. Kasema upupu huo, leteni jivu. Kaniosha kwa maji ya mtungi, kasugua jivu. Huku kwetu ndivyo tufanyavyo, hata mimi ningemfanyia mtu hivyohivyo. Kila akisugua, moto mpya.

Mume wangu akatokea, kaitwa kutoka shuleni. Kasimama mlangoni. Kidumu cha maji ya bahari kiko pale miguuni pake. Nikamtazama. Alijua. Kafungua mdomo, kaufunga. Mama yake akasugua mpaka jivu likaisha.

Ijumaa, 15 Agosti

Homa. Mkono umevimba, mistari myekundu kama umechapwa fimbo. Malengelenge yamepasuka, jivu limo ndani. Zahanati wameosha, wamenichoma sindano.

Nimemuuliza kwa nini. Kasema, “Ni mama yangu. Ningemkosoaje mbele ya watu?”

Nimegeukia ukutani.

Jumapili, 24 Agosti

Kidonda kinakauka. Kidole cha shahada na cha kati havikunjiki. Nimejaribu mkasi. Umeanguka. Nimejaribu tena, nikalia kama mtoto.

Cherehani ndiyo maisha yangu. Si yeye aliyeninunulia, nimeipata kwa korosho zangu mwenyewe. Mwalimu anapika, anafua, anachota maji. Namchukia akichota maji. Sitaki huruma yake, nilitaka neno lake siku ile.

Jumamosi, 30 Agosti

Saida kaja kuchukua kitambaa. Kampelekea fundi wa Ruangwa mjini. Hakunitazama usoni, nami sikumtazama. Nimemkunjia vipande vyote, hata vya mabaki.

Mwalimu kasema atamweleza mama yake ukweli. Nimemwambia wakati umepita. Kachukua ndoo, kaenda kisimani. Kimya anakijua vizuri.

Jumapili, 14 Septemba

Harusi ilikuwa jana. Gauni limekaa vizuri. Mabegani mimi ningepunguza kidogo.

Leo asubuhi mama mkwe kaja na mafuta ya ufuta ya moto, kama kila siku. Anatoka kwake kabla hajanywa chai. Kaniketisha mkekani, kaweka mkono wangu mapajani, anakandakanda kidole kimojakimoja. Vidole vyake vyenyewe vimepinda kwa uzee na vinamuuma, naona. Mwalimu alikuwa kando, anasahihisha madaftari.

Mama akasema, “Mwanangu, lile jivu ndilo lililokuokoa. Bila hivyo ungekatwa mkono.”

Mwalimu akainua kichwa. Kalamu imesimama. Kafungua mdomo, safari hii nikaona kweli anataka kusema.

Nikawahi mimi. Nikasema, “Ndiyo, mama. Asante.”

Akaendelea kukanda. Mwalimu akarudi kwenye madaftari yake.