Mwani Mwekundu wa Msuka

Jumatatu, 6 Septemba 1937

Tumeupata! Tumbe tulikosa, kule mchanga mtupu. Pujini tope na mikoko. Leo bamvua, maji yamekupwa hasa, na hapa hapa Msuka, chini ya ukingo wa mwamba wa nje, pasipofika jua — mwani mwekundu, mwekundu wa komamanga. Bwana Mwani (ndivyo wanavyomwita huku, jina lake hawaliwezi) kapiga magoti majini, mzungu mzima. Anasema unataka kivuli na maji yasiyotulia, na kwa anavyojua yeye pwani yote hii hauoti pengine. Dume mbali, jike mbali. Jike likishika mimba hutoa vipele, na bila vipele hivyo hawezi kuthibitisha ni mwani gani.

Tumeona kishada kimoja tu chenye vipele. Nimekichuma mimi. Uliobaki kauacha, ukichumwa wote pamoja na vishikizo vyake vinavyoung'ang'ania mwamba hautaota tena, kasema.

Yeye kenda mjini Chake, atarudi Alhamisi. Nikimkabidhi kishada kizima, atanichukua Unguja, nifanye kazi afisini kwake. Nimeichoka skuli hii ya makuti! Kishada kimo ndooni, kwenye maji ya bahari, uani kivulini.

Jumanne, 7 Septemba

Basi tena. Nimetoka kusomesha, ndoo tupu. Bi Mwanawema, mama yake Mwatum mke wangu, kaja kututazama, kasikia ule ni mwani wa mgeni. Kaukosha! Kwa maji ya mvua, tena na tena, kisha kautandaza ungoni. Huku kitu cha pwani hapewi mgeni na chumvi yake na mchanga wake, ni aibu ya nyumba. Rangi yote imetoka, imemwagwa mgombani. Kilichobaki ni tambi za kuchemsha.

"N'kaona kina mchanga, baba, n'kakukoshea," kaniambia, uso umemkunjuka kwa furaha.

Nikamwita jahili. Mama mkwe! Mtu nisiyethubutu kumtazama usoni. Nikasema kwa sauti, majirani wanasikia, kwamba ujinga wake umenifunga Msuka mpaka nife. Akajifunika kanga, akatoka. Mwatum akamfuata. Haya, waende.

Alhamisi, 9 Septemba

Bwana kaja. Katazama tambi zile. Rangi ya mwani huu hutoka ukitiwa maji matamu, kasema, alidhani mimi mtu wa pwani najua. Mimi! Nani kanifunza? Kanipa nafasi nyengine, bamvua lijalo. Hapatakuwa na ya tatu.

Mwatum hajarudi. Jioni alikuja mjomba wake, Mzee Vuai, kunishauri nichukue watu wazima wawili nikamtake radhi mama. Nikamjibu nina kazi. Nimeharibiwa mimi, kisha nikatake radhi mimi?

Jumapili, 19 Septemba

Nyumba kimya. Wali umeungua tena. Siendi. Nikishapata Unguja watakuja wenyewe.

Jumanne, 21 Septemba

Nimeshuka mwambani asubuhi, maji yamekauka kabisa. Hamna kitu. Ukingo mzima umekwanguliwa, jiwe tupu. Nimepapasa mpaka vidole vimetoka damu. Nikawalaani wavuvi, nikawalaani wachokoa pweza, nikailaani Msuka yote.

Nimerudi, namkuta Mzee Vuai barazani, miguuni pake ndoo zimejaa maji ya bahari. Na mwani! Vipele, vishada kwa vishada! Bi Mwanawema na Mwatum walishuka jana, wamechuma mpaka wa mwisho, na vishikizo vyake. Nikauliza kwa nini wote. Mzee Vuai akasema dada yake hataki kubaki na haki ya mtu.

Mungu anisamehe, nilifurahi. Kazi hiyo, Unguja hiyo! Nikamwambia ampelekee mama salamu zangu nyingi, na Mwatum aanze kufunga vitu vyake, tunahama.

Mzee Vuai kanitazama, wala hakukasirika. Ningependa angekasirika.

"Dada kasema chako ndicho hicho, kimetimia," kaniambia. "Na wewe utupe chetu. Mwatum ataka talaka yake, na aitaka kwa maandishi."

Nikasema nitakwenda leo hii kutaka radhi, na watu wazima wawili, watatu, hata kumi. Akasema siku ile alipokuja kunishauri, mama mtu alikuwa keshatandika mikeka ya kutupokea. Mikeka ilikaa mpaka Ijumaa iliyopita. Sasa imekunjwa.

Kesho Bwana yuaja. Atafurahi, kisha ataniuliza mwambani kumebaki nini. Nimjibu nini? Hakuna kilichobaki kokote.

Nimeingia ndani, nimesema natafuta kalamu. Mzee Vuai bado yupo barazani. Kahawa kaikataa. Kalamu ninayo, naandikia haya, na anakohoa, ananiita —